Intaneti ndani ya Vibanda vya Bati Kariakoo: Tiba Iko Nje ya Ukuta

KARIAKOO, Dar es Salaam – Saa za mchana, mitaa ya Kongo na Msimbazi inapofurika wanunuzi, wakala wa huduma za fedha aliyemo ndani ya kibanda cha bati mara nyingi hulazimika kutoka nje na simu yake mkononi ili muamala wa mteja ukamilike. Akirejea ndani, mtandao hupotea. Foleni hurefuka, na wakati mwingine fedha hukatwa upande mmoja kabla ya ujumbe wa uthibitisho kufika upande wa pili.

Wafanyabiashara wengi huliona jambo hili kuwa ni ubovu wa kampuni ya simu. Zipo nyakati ambazo ni kweli. Hata hivyo, katika makontena na vibanda vya bati, chanzo cha kwanza cha kuchunguza ni ukuta wenyewe. Kulielewa hilo kunamwezesha mfanyabiashara kurekebisha hali kwa gharama ndogo, na kunamwepusha kununua vifaa visivyoidhinishwa ambavyo huweza kuharibu mawasiliano ya mtaa mzima.

Kwa nini bati huzuia mtandao

Simu, ruta na mashine za EFD zinazotumia laini huwasiliana na mnara kwa mawimbi ya redio. Mawimbi hayo hupenya mbao, plastiki na kioo cha kawaida kwa urahisi kiasi. Yakikutana na chuma au alumini, sehemu kubwa hurudishwa yalikotoka. Mwanasayansi wa Uingereza, Michael Faraday, alionesha mwaka 1836 kuwa chumba kilichozungushiwa metali hukinga kilichomo ndani dhidi ya nguvu za umeme zilizo nje. Kontena la futi 20, lenye urefu wa takriban mita 6 na upana wa mita 2.4, ni chumba cha namna hiyo hiyo. Wasafiri wa Ulaya na Marekani wanaolala katika matrela yenye mabodi ya alumini hukumbana na tatizo hilo hilo wanapoegesha mbali na minara.

Mawimbi machache yanayoingia ndani hupitia mlangoni na dirishani. Hapo ndipo urefu wa wimbi unapohusika. Katika masafa ya megahezi 700, wimbi moja lina urefu wa sentimita 43 hivi. Katika megahezi 1800 ni takriban sentimita 17. Na katika megahezi 2600 ni kama sentimita 11 na nusu. Tundu lililo dogo sana kuliko wimbi hulizuia wimbi hilo karibu sawa na ukuta mzima. Kwa sababu hiyo, wavu wa waya wenye matundu ya sentimita mbili au tatu, unaowekwa kwenye dirisha la kutolea huduma kwa ajili ya usalama, huweza kuufunga mlango wa mawimbi hata kama mwanga na hewa vinapita vizuri. Nondo zilizoachana hupitisha zaidi.

Kwa upande mwingine, Kariakoo ina mazingira yake. Majengo marefu ya zege yamechukua nafasi ya nyumba nyingi za zamani, na kibanda kilicho chini yake huweza kukingwa na jengo dhidi ya mnara ulio karibu kabisa. Katika hali hiyo, mawimbi yanayofika mtaani ni yale yaliyogonga kuta za majengo mengine na kurudi. Ndiyo maana kusogea hatua moja au mbili tu huweza kubadili hali ya mtandao.

Pima kabla ya kununua

Hatua ya kwanza haigharimu fedha. Simu nyingi za kisasa, katika sehemu ya mipangilio inayoeleza hali ya laini, huonesha nguvu ya mawimbi kwa namba hasi. Kwa mtandao wa 4G, namba inayokaribia hasi 80 ni nzuri sana. Hasi 100 ni ya wastani. Na hasi 110 au chini ya hapo ni dhaifu. Namba hizi hupimwa kwa desibeli, na tofauti ya 10 maana yake ni kwamba nguvu imepungua hadi sehemu moja ya kumi.

Mfanyabiashara anashauriwa kupima sehemu nne: katikati ya kibanda, mlangoni, nje usawa wa kifua, na nje juu kadiri mkono unavyofika. Kila sehemu asubiri kwa dakika moja, kwa kuwa namba huchukua muda kutulia. Vipimo virudiwe kwa laini za kampuni tofauti, kwa kuwa minara yao haiko mahali pamoja.

Matokeo yake hutoa jibu. Ikiwa nje ni hasi 85 na ndani ni hasi 110, mtandao upo na kikwazo ni bati. Ikiwa nje na ndani kote ni dhaifu, kikwazo ni jengo jirani au umbali wa mnara, na laini ya kampuni nyingine huenda ikawa suluhisho. Ikiwa namba ni nzuri kote lakini kurasa hazifunguki, tatizo ni jingine, kama itakavyoelezwa hapa chini.

Kuitoa antena nje

Pale bati linapokuwa ndilo kikwazo, kanuni ni moja: kinachopokea mawimbi kikae nje ya metali, na huduma iingizwe ndani kwa waya. Njia rahisi zaidi ni kuisogeza ruta hadi kwenye tundu la dirisha, mahali pasipo na wavu, na kuiinua juu ya vichwa vya watu. Miili ya wanadamu hupunguza mawimbi pia, na Kariakoo haikosi msongamano.

Njia ya pili ni kutumia ruta yenye matundu ya kuunganishia antena ya nje. Antena hufungwa juu ya paa na waya wake huingizwa ndani. Hapa wengi hukosea kwa kununua waya mrefu na mwembamba. Katika masafa ya megahezi 1800, waya mwembamba wa kawaida wenye urefu wa mita 10 huweza kupoteza zaidi ya robo tatu ya nguvu iliyopokelewa, na faida ya antena ikaishia njiani. Waya uwe mfupi kadiri inavyowezekana, na uwe mnene wenye ubora.

Njia ya tatu ni kuiweka ruta yenyewe nje, ndani ya kasha la plastiki lisiloingiza maji, kisha kuingiza intaneti ndani kwa waya wa mtandao, ambao huweza kufika hadi mita 100 bila tatizo. Kasha lisiwe la chuma, na liwekwe kivulini, kwani joto la Dar es Salaam hufupisha maisha ya vifaa vya kielektroniki.

Kazi ya kupanda juu ya paa inahitaji tahadhari. Mlingoti wa antena usisimikwe karibu na nyaya za umeme zinazopita mtaani, na kazi isifanyike wakati wa mvua au radi. Aidha, matundu yanayotobolewa kwenye bati yazibwe vizuri kabla ya mvua za masika na vuli.

Wi-Fi si laini ya simu

Jambo moja huwachanganya wengi. Ruta ikishapata mtandao mzuri, Wi-Fi yake hufanya kazi vyema ndani ya kibanda, kwa sababu ruta na simu zote zimo upande mmoja wa ukuta, au kisambaza Wi-Fi kimewekwa ndani kwa waya. Lakini miamala inayofanywa kwa kupiga namba zenye nyota na alama ya reli haipiti kwenye Wi-Fi. Huduma hiyo huitegemea laini iliyomo ndani ya simu kuwasiliana na mnara moja kwa moja. Wakala mwenye Wi-Fi nzuri huweza basi kushindwa kutuma fedha kwa njia hiyo.

Suluhisho ni kutumia programu tumizi ya kampuni husika pale inapopatikana, kwa kuwa programu hiyo hupita kwenye intaneti ya aina yoyote. Vilevile, simu ya miamala iwekwe dirishani na si kwenye droo ya chuma. Mashine ya EFD yenye laini yake nayo ikae karibu na tundu hilo. Utoaji wa risiti ni takwa la kisheria, na kukosekana kwa mtandao kwa muda hakumwondolei mfanyabiashara wajibu wa kumpatia mteja risiti.

Busta na sheria

Baadhi ya wafanyabiashara hushawishika kununua vifaa vya kukuza mawimbi, maarufu kama busta, wakidhani kuwa nguvu zaidi ndiyo tiba. Kifaa hicho hupokea mawimbi ya mnara, huyakuza na kuyatoa tena. Vivyo hivyo huyakuza yale ya simu kuelekea mnarani. Kikiwa duni au kikifungwa vibaya, hupokea mawimbi yake chenyewe na kuyakuza upya, kama kipaza sauti kinavyopiga mluzi kikielekezwa kwenye spika. Kelele hiyo hufika mnarani, na mnara hushindwa kusikia simu za wateja wengine. Katika eneo lenye maduka yaliyobanana kama Kariakoo, kifaa kimoja huweza kuharibu huduma ya mamia ya watu.

Kwa mujibu wa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, vifaa vya mawasiliano vinapaswa kuidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na masafa hutumika kwa leseni. Masafa ni rasilimali ya umma. Mwezi Oktoba 2022 Mamlaka hiyo iliendesha mnada wa masafa ya megahezi 700, 2300, 2600 na 3500 kwa kampuni za simu. Mwenye duka lililo chini ya ardhi, au jengo zima lisilofikiwa na mtandao, anashauriwa kuwasiliana na kampuni ya simu, ambayo ndiyo yenye haki ya kutumia masafa hayo na uwezo wa kufunga antena za ndani kwa utaratibu unaokubalika.

Mtandao unapojaa

Zipo nyakati ambapo alama za mtandao hujaa kwenye kioo cha simu lakini intaneti haiendi. Hapo mawimbi yanafika vizuri. Kilichozidiwa ni mnara wenye watumiaji wengi kwa wakati mmoja. Dalili yake ni kuwa huduma huenda kasi alfajiri na kulegea mchana, hususan katika siku za kuelekea sikukuu. Antena ya nje haiponyi tatizo hili. Kinachosaidia ni laini ya akiba ya kampuni nyingine, au huduma ya faiba kwa maduka yaliyo ndani ya majengo yaliyounganishwa.

Mtandao ukikatika katikati ya muamala, wakala na mteja wote wanapaswa kujizuia kurudia kutuma fedha kabla ya kuangalia salio na orodha ya miamala. Kukosekana kwa ujumbe hakumaanishi kuwa fedha hazijaondoka. Kumbukumbu ya saa, kiasi na namba ya muamala ihifadhiwe, na malalamiko yapelekwe kwanza kwa kampuni inayotoa huduma. Yasipopatiwa ufumbuzi, mwananchi ana haki ya kuyafikisha TCRA.

Kwa mfanyabiashara mdogo, dakika chache za kupima mawimbi ndani na nje ya kibanda huweza kuokoa gharama ya kifaa asichokihitaji. Pale vipimo vinapoonesha kuwa mtandao upo mlangoni, kilichobaki ni kuifikisha antena mahali ulipo.