Tumbo la safari ya Guangzhou: lini uende kwa daktari?

Wafanyabiashara wetu wakishuka Sanyuanli, mbio ni za mikoba ya ngozi. Tumbo likichafuka, lawama ni za chakula kigeni. Mara nyingi ni kweli, na hupoa kwa siku mbili tatu.

Lakini ukiona damu, homa kali, mkojo mchache wa rangi nzito, au kizunguzungu ukisimama, usingoje: chukua paspoti uende hospitali. Simu ya gari la wagonjwa huko China ni 120. Dawa ya kufunga tumbo usiimeze kama kuna damu au homa. Kunywa kidogo kidogo lita 1 ya maji yaliyochemshwa, yenye vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi.

Umerudi Muscat au Dubai, na kuharisha kunakwenda na kurudi hadi wiki 4? Hapo usilaumu chakula tena. Huenda ni vijidudu kama giardia, au metformini, dawa ya kisukari. Lakini usiiache bila ya kumuuliza daktari. Ukikonda, au tumbo likikuamsha usiku, nenda kapimwe choo na damu. Wala usione haya, daktari ameshasikia makubwa kuliko hayo.