Amepona, Mbona Angali Amechoka?



Kuna neno ambalo mzazi wa mtoto mwenye saratani hulingoja kwa miezi, na pengine kwa miaka, nalo ni "amepona". Siku daktari anapolitamka, familia humshukuru Mwenyezi Mungu, majirani hukusanyika, na jina la mtoto hutajwa katika dua baada ya swala. Ni haki yao kufurahi. Wiki hii, ndugu msomaji, twataka kuzungumza juu ya yanayofuata baada ya furaha hiyo. Watoto wengi waliopona saratani huandamwa na uchovu usiokwisha, na sisi watu wazima aghalabu huuita kwa jina lisilo lake. Twauita uvivu.

Twalitazama jambo hili kutoka Sirisia, katika kaunti ya Bungoma, chini ya Mlima Elgon na karibu na mpaka wa Uganda. Huenda msomaji wa Mombasa au Lamu akauliza Sirisia yatuhusu nini. Yatuhusu, kwanza, kwa kuwa Uislamu ulifika pande zile pamoja na misafara ya wafanyabiashara wa pwani iliyotua kwa Mumia katika karne ya 19, na jamaa wa Kiislamu walioko huko ni ndugu zetu. Pili, eneo lile limo katika ukanda ambao saratani moja ya watoto imejulikana kwa muda mrefu kuliko mahali pengi duniani. Atakayeielewa hali ya mtoto wa Sirisia ataielewa na ya mtoto wa Kwale au Malindi.

Saratani ya ukanda wa malaria

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Baadaye akaona wengine wenye uvimbe kama huo, na mwaka 1958 akauandikia makala. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari maelfu ya maili, kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali kwa hospitali wapi ugonjwa huo waonekana na wapi hauonekani. Walibaini kwamba waonekana zaidi penye joto na mvua nyingi, yaani palepale penye malaria nyingi. Mwaka 1964 wanasayansi wa London waligundua katika uvimbe huo kirusi kinachoitwa Epstein-Barr. Leo inafahamika kuwa kirusi hicho na malaria ya mara kwa mara husaidiana kuuzusha ugonjwa huo, ambao umebaki na jina la Burkitt.

Bungoma ni miongoni mwa kaunti za ukanda wa Ziwa Victoria zenye malaria mwaka mzima. Uvimbe wa Burkitt hutokea kwenye taya au tumboni, na hukua kwa kasi ya kutisha, kwani kilichokuwa kama punje ya hindi wiki iliyopita waweza kukikuta kama yai wiki hii. Hata hivyo kasi hiyohiyo huufanya usikie dawa upesi. Ni miongoni mwa saratani za mwanzo kabisa kuponywa kwa dawa peke yake, na baadhi ya watoto wa Afrika Mashariki waliotibiwa zama za Burkitt waliishi hadi utu uzima.

Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa kila mwaka watoto na vijana 400,000 wa umri wa hadi miaka 19 hupata saratani. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 hupona. Katika nchi nyingi zenye kipato kidogo wanaopona hawafiki asilimia 30. Mwaka 2018 shirika hilo lilianzisha mpango wa kuhakikisha kuwa ifikapo 2030 angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani duniani wanapona. Kila hatua ya kulikaribia lengo hilo yaongeza idadi ya watoto wanaorudi nyumbani wakiwa hai. Je, warudipo, twawapokeaje?

Gharama ya uponyaji

Familia ya Sirisia inayopelekwa hospitali ya rufaa ya Moi mjini Eldoret husafiri zaidi ya kilomita 100, kupitia Bungoma mjini, Webuye na Turbo, si mara moja bali kila duru ya dawa. Baba huacha shamba la mahindi likamea magugu, na mama huwaacha wadogo kwa bibi. Wengine huuza ng'ombe, wengine huweka rehani kipande cha ardhi. Utafiti uliofanywa katika hospitali hiyo umeonyesha kuwa wengi hukatiza matibabu njiani kwa ajili ya fedha, na kwamba kuwa na bima huwasaidia watoto kuyamaliza.

Dawa zenyewe ni kali, kwa sababu adui ni mkali. Huua seli zinazokua upesi, na hazichagui sana. Nywele hudondoka, kinywa huota vidonda, damu hupungua. Iko dawa ya rangi nyekundu, doksorubisini, inayoweza kuudhoofisha moyo hata miaka mingi baada ya dozi ya mwisho. Iko vinkristini, inayoweza kuziumiza neva za mikono na miguu, mtoto akajikwaa na kuanguka pasipo na kitu. Ziko pia dawa zinazodungwa kwenye uti wa mgongo ili saratani isifike kwenye ubongo, na baadhi ya watoto huona tabu kukaza fikira baada yake. Hatuyasemi haya ili mtu aziogope dawa. Bila dawa hizo, mtoto wa Burkitt hufariki katika muda mfupi. Twayasema ili ijulikane kuwa mtoto huyu ametoka vitani, na ana majeraha ambayo nguo na nywele mpya hazituonyeshi.

Uchovu usio wa kazi

Uchovu wa kawaida una sababu na una mwisho. Mtu alime, achoke, alale, aamke mzima. Uchovu wa aliyepona saratani hauendi hivyo. Mtoto aweza kulala usiku kucha akaamka amechoka kama aliyekesha. Leo atacheza mpira na wenzake, kesho atashindwa kunyanyuka kitandani. Mwili huwa mzito, fikira huwa nzito, na hata hamu ya kuzungumza hupotea.

Tangu mwaka 1994 uko utafiti mkubwa Marekani unaowafuatilia maelfu ya watu waliougua saratani wakiwa watoto. Watafiti waliwalinganisha na ndugu zao wa damu, waliolelewa nyumba moja na kula chungu kimoja. Waliougua walieleza uchovu na usingizi mbovu zaidi kuliko ndugu zao, miaka mingi baada ya matibabu. Mwaka 2020 wataalamu wa nchi mbalimbali walitoa mwongozo unaosema kwamba kila aliyewahi kutibiwa saratani utotoni aulizwe juu ya uchovu mara kwa mara anapohudhuria kliniki. Hili si jambo la kudhaniwa tu, bali ni hali inayotambulika kitabibu.

Sasa tumfikirie mtoto wa miaka 11 aliyerudi Sirisia. Amepoteza mwaka wa masomo, na amewekwa darasa moja na wadogo zake. Shule iko juu ya kilima, chemchemi iko bondeni. Nyumbani kila mtoto ana zamu yake ya maji, kuni na ng'ombe. Miezi ya kwanza anahurumiwa. Baada ya mwaka huruma inapungua, kwa kuwa nywele zimeota na mashavu yamejaa. Anaposinzia darasani anaambiwa anajidekeza. Anapoweka ndoo chini katikati ya njia anachekwa. Naye, kwa kuwa hana jina la kuliita jambo lililomo mwilini mwake, mwishowe anasadiki kwamba kweli ni mvivu. Hapo saratani imeondoka, lakini heshima ya mtoto imeondoka nayo. Wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, nasi tusioubeba ndio wepesi wa kuuhukumu.

Nini kifanyike nyumbani

Kwanza, mtoto apimwe. Uchovu waweza kuwa na sababu zaidi ya moja, na baadhi zatibika upesi. Katika ukanda ule malaria, minyoo na upungufu wa damu ni vya kuangaliwa mwanzo. Vingine ni moyo, tezi ya shingo, lishe, usingizi na huzuni. Ndiyo, mtoto naye huhuzunika. Amewaona wenzake wa wodini wakiondoka wasirudi.

Pili, kila mzazi aombe hospitali impe kwa maandishi muhtasari wa matibabu: jina la ugonjwa, majina ya dawa, jumla ya dozi na tarehe. Karatasi hiyo itunzwe pamoja na cheti cha kuzaliwa. Miaka 20 ijayo, binti huyo atakapokuwa mjamzito au kijana huyo atakapolalamika kifua, daktari atahitaji kujua kama alipewa ile dawa nyekundu.

Tatu, nguvu za mtoto zitumiwe kama maji ya mtungi wakati wa kiangazi. Hayazuiwi yasitumiwe, bali hugawanywa. Kwa wiki moja andikeni katika daftari saa anazokuwa na nguvu na saa anazochoka. Kisha masomo na kazi muhimu viwekwe kwenye saa za nguvu. Ndoo ndogo mara mbili ni bora kuliko ndoo kubwa moja.

Nne, asilazwe mchana kutwa. Laweza kuonekana jambo la ajabu, lakini mwili usiotembezwa huzidi kudhoofika, na mazoezi mepesi ya kila siku ni miongoni mwa tiba zilizothibitika kupunguza uchovu huu. Aanze kwa kutembea hadi kwa jirani na kurudi, kisha aongeze kidogo kidogo. Usingizi wa mchana uwe mfupi, na saa ya kulala usiku isibadilike.

Zipo dalili zisizongojwa. Uvimbe mpya, homa isiyoshuka, au kukonda kwahitaji hospitali upesi, hasa katika mwaka wa kwanza, kwani Burkitt ikirudi aghalabu hurudi ndani ya muda huo. Kukosa pumzi anapolala chali, au miguu kuvimba, ni ishara kwamba moyo uangaliwe siku hiyohiyo.

Darasani, chuoni na msikitini

Walimu wa shule na maalimu wa chuo wana sehemu kubwa katika jambo hili. Mtoto huyu apewe nafasi ya kukaa mbele, muda zaidi katika mtihani, na ruhusa ya kupumzika bila kuomba mbele ya darasa zima. Katika hifadhi, aya chache zilizoshikwa vizuri zina kheri kuliko kurasa zilizolazimishwa. Na fimbo haijapata kuponya uchovu.

Dini yetu imetangulia kumwonea huruma mgonjwa. Asiyeweza kusimama huswali ameketi, na asiyeweza kuketi huswali amelala. Mtoto asiyebaleghe hakufaridhiwa saumu, na aliyebaleghe akiwa mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, kwa kushauriana na daktari na mwanachuoni. Ikiwa Mola wetu amemkhafifishia mja wake katika nguzo za dini, sisi ni nani hata tumkazie mtoto katika ndoo ya maji?

Iko pia sadaka ya wazi. Tangu Oktoba 2024 bima ya taifa imesimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, na kiwango cha chini cha mchango ni shilingi 300 kwa mwezi. Kwa wasioajiriwa hulipwa mwaka mzima kwa pamoja, yaani 3,600, fedha ambazo aliyeuza ng'ombe wake wa mwisho huenda asiwe nazo. Kamati ya msikiti yaweza kuzilipia familia mbili au tatu. Aliyelemewa na madeni ni katika wanaostahiki zaka, na nauli ya kwenda kliniki baada ya kupona yafaa kukumbukwa kama ilivyokumbukwa ya wakati wa ugonjwa.

Ndugu msomaji, ukimjua mtoto aliyepona saratani, iwe Sirisia au mtaani kwako, umuulize swali ambalo huenda hajaulizwa na mtu: "Mwanangu, leo una nguvu kiasi gani?" Kisha umwamini kwa jibu atakalokupa.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awaponye watoto wetu walio wagonjwa, awape afya kamili waliopona, na atujaalie sisi kuwa wepesi wa kusaidia na wazito wa kulaumu. Amin.