Utafiti wa intaneti darasani: kazi ya mwalimu inaanza mbele ya simu kuwashwa

Mwalimu wa jiografia anatoa TP juu ya volkano. Kisha siku tatu karatasi zinarudi, na mingi zinafanana: zimekopiwa kwenye ukurasa mmoja, hata makosa ni yale yale. Mzazi amelipa mega, amelipa tena sekretariati publiki ili kazi ichapishwe. Lakini mtoto akiulizwa maana ya yale ameandika, ananyamaza.

Jambo hili linajulikana katika shule nyingi za sekondari, tangu Bunia mpaka Uvira. Kuna walimu wanaona dawa ni kukataza simu. Lakini kuna pia njia ya kuigeuza intaneti kuwa somo la kweli. Inaitwa WebQuest.

WebQuest ni kitu gani?

Ni kazi ya utafiti yenye mwalimu ametayarisha mwenyewe, hatua kwa hatua. Aliyeianzisha ni Bernie Dodge, mwalimu wa chuo kikuu San Diego State, Marekani, mwaka wa 1995, akisaidiana na Tom March. Wazo lao ni rahisi: wakati wa mwanafunzi usipotee katika kutafuta habari, utumike kufikiri juu ya habari hizo. Kwa hiyo, mwalimu ndiye anachagua kurasa za kusoma mbele ya somo.

Kazi yenyewe ina sehemu tano: utangulizi unaoamsha hamu ya wanafunzi, kazi ya kufanya, hatua za kufuata pamoja na vyanzo vya habari, namna pointi zitatolewa, na hitimisho.

Mfano: volkano Nyiragongo

Ulizo kama «Volkano ni nini?» linaita kukopia, sababu jibu liko tayari. Ulizo lingine linaweza kuwa hili: «Kama Nyiragongo inalipuka tena, watu wa avenue yetu watapita njia gani, na watasikiliza habari ya nani?» Jibu la hilo haliko kwenye ukurasa wowote. Wanafunzi wanalazimika kulijenga wenyewe.

Darasa linagawanywa katika vikundi vya watu wane, na kila mmoja anapewa kazi yake.

Wa kwanza anashugulikia historia. Analinganisha milipuko ya Januari 1977, Januari 2002 na Mei 2021. Ataona kwamba mwaka wa 2002 lava ilipita katikati ya muji wa Goma mpaka ndani ya Ziwa Kivu, lakini mwaka wa 2021 ilisimama karibu na uwanja wa ndege.

Wa pili anatafuta sababu lava ya Nyiragongo inakimbia sana. Atakuta kwamba ina silika kidogo, ndiyo maana ni nyepesi na inatiririka mbio.

Wa tatu anachunguza mazuku, ile hewa ya kaboni yenye kutoka ndani ya udongo. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inalala kwenye mabonde na mashimo, na inaua watu na nyama bila kuonekana.

Wa ine anachunguza habari zenyewe. Anaweka pamoja tangazo la OVG, kituo kinachochunguza volkano pale Goma, habari ya redio, na ujumbe uliopitishwa kwenye WhatsApp. Kwa kila kimoja anauliza: nani ameandika? Siku gani? Amejuaje?

Kazi hiyo ya ine si ndogo. Tarehe 27 Mei 2021, siku tano kisha mlipuko, serikali iliamuru wakaaji wa sehemu ya Goma waondoke. Watu walipaswa kuamua kwa haraka, huku uvumi ukipita kwenye simu. Mtoto mwenye amezoea kuuliza habari imetoka wapi anaweza kuisaidia jamaa yake siku kama hiyo.

Mwishoni kikundi kinachora ramani ya avenue na kuieleza mbele ya wengine. Pointi zinajulikana tangu mwanzo: 5 kwa habari za kweli, 5 kwa kutaja vyanzo, 5 kwa kueleza bila kusoma karatasi, 5 kwa ramani yenye kusaidia. Jumla 20. Mwenye kukopia hataenda mbali.

Na kama hakuna mega?

Kompyuta kwa kila mwanafunzi si lazima. Programu Kiwix, ambayo ni ya bure, inawezesha kusoma Wikipedia bila intaneti. Faili inapakuliwa mara moja tu pahali koneksio ni nzuri, kiisha inapitishwa kwa karte memwari. Vikidia, ensiklopedia ya Kifaransa iliyoandikwa kwa ajili ya watoto, inaweza kusomwa pia kwa njia hiyo. Na kama kuna simu ya mwalimu peke yake, kurasa tatu ao ine zinaweza kuchapishwa ao kuandikwa ubaoni.

Shida zinabaki. Madarasa yamejaa, programu ya mwaka ni ndefu, na egzame haingojei. Kwa hiyo, anayeanza afazali achague kazi fupi: Dodge mwenyewe alitenga zile za somo moja mpaka tatu na zile za juma moja mpaka mwezi. Tena, mwenye simu asiachiwe kila kitu. Simu izunguke, la sivyo mmoja anafanya kazi na watatu wanaangalia.

Jaribio la kwanza ni la mwalimu mwenyewe. Mbele ya kutoa ulizo, aliandike kwenye simu yake. Kama jibu kamili linatokea palepale, ulizo ndilo la kubadilisha.