Kitanzi Bila Neno la Kitanzi: Uandishi wa Amri za Kurudiarudia katika Ganda Finyu la Tarakilishi

Utangulizi

Miongoni mwa malalamiko yanayosikika mara kwa mara katika mijadala kuhusu Kiswahili na sayansi ni kwamba lugha hii haina msamiati wa kutosha, na kwa hivyo haiwezi kubeba maarifa ya tarakilishi. Lalamiko hili huchanganya mambo mawili yaliyo mbalimbali: kukosa neno na kukosa uwezo wa kusema. Makala hii inakusudia kuyatenganisha mambo hayo kwa kueleza mada moja ya kiufundi, nayo ni namna ya kuandika kitanzi katika ganda la amri lililo finyu. Mfano uliochaguliwa ni COMMAND.COM, ganda la mfumo wa uendeshaji wa MS-DOS. Limechaguliwa kwa sababu nalo lilikosa neno ambalo maganda mengine yalikuwa nalo, ilhali watumiaji wake hawakukosa njia ya kulisema lile walilolitaka.

Ganda, kiini na kitanzi

Mfumo wa uendeshaji waweza kufananishwa na nazi. Ndani mna kiini, sehemu inayosimamia kumbukumbu, diski na vifaa vingine. Nje pana ganda, yaani programu inayopokea maneno ya mtumiaji kutoka kwenye kibodi, ikayafasiri na kuyapeleka ndani yatekelezwe. Kiswahili hapa hakina haja ya kukopa. Isitoshe, neno 'sheli' lingeleta utata, kwani kwa wasemaji wengi limekwisha kuwa jina la kituo cha mafuta.

Kitanzi ni kipande cha amri kinachotekelezwa tena na tena hadi sharti fulani litimie. Mwanafunzi wa ushairi anaifahamu dhana hii tayari. Kibwagizo hurejea mwishoni mwa kila ubeti, na kila kinapokuja, beti hazilingani na zile zilizotangulia: jambo limesogea. Kitanzi nacho ndivyo kilivyo. Kila duru hufanya kazi ileile juu ya kitu kingine. Kwa ufupi, kila kitanzi kina nguzo nne: mwanzo, sharti la kuendelea au kukoma, kazi yenyewe, na badiliko linaloisogeza kazi hiyo kuelekea mwisho. Nguzo moja ikikosekana, jengo zima huanguka.

Ufinyu wenyewe

Ganda la Bourne, lililotolewa pamoja na toleo la saba la Unix mwaka 1979, lilikuwa na maneno kamili ya kuanzisha kitanzi: moja la 'maadamu' (while), moja la 'hadi' (until) na moja la kupitia orodha (for). MS-DOS ilipotoka mwaka 1981, ganda lake halikuwa na hata moja kati ya hayo. Toleo la 2.0 la mwaka 1983 ndilo lililoleta amri nne zinazohusika hapa: FOR, IF, GOTO na SHIFT. 'Maadamu' na 'hadi' hazikuja. Ganda hili halikujua kujumlisha wala kutoa, na FOR yake ilikubali amri moja tu kwa kila duru.

Kitanzi cha orodha

Ichukuliwe kwamba mtafiti wa fasihi amepiga chapa mashairi mia mbili, kila shairi katika faili yake yenye kiambishi cha TXT, na kila mshororo katika mstari wake. Anataka kujua neno 'moyo' linapatikana katika mishororo mingapi ya kila shairi. MS-DOS ilikuwa na amri ya FIND iwezayo kuhesabu mistari yenye neno fulani, lakini haikukubali kinyota cha kuwakilisha faili nyingi kwa pamoja. Bila kitanzi, mtafiti angelazimika kuandika amri hiyo mara mia mbili. Akiwa na kitanzi, mstari mmoja unatosha:

FOR %%F IN (*.TXT) DO FIND /C "moyo" %%F >> HESABU.DAT

Mstari huu husomeka hivi: kwa kila faili, iite F, iliyomo katika orodha ya faili zote za TXT, hesabu mistari yenye 'moyo' ndani ya F, kisha ongeza jibu mwishoni mwa faili ya HESABU.DAT. Herufi F ni kigeu, yaani jina linalobeba thamani inayobadilika kila duru. Alama ya asilimia huandikwa mara mbili amri inapokuwa ndani ya faili ya amri, na mara moja inapoandikwa moja kwa moja kwenye kiwambo. Alama mbili za >> huongeza bila kufuta yaliyotangulia. Faili ya majibu nayo haikupewa kiambishi cha TXT kwa makusudi: ingepewa, ingeingia katika orodha na kuhesabiwa kama shairi.

Hapa mtaalamu wa lugha ana neno la kuongeza. FIND hutafuta mfuatano wa herufi, haimaizi maana. Itaikubali 'moyoni', kwa kuwa 'moyo' imo ndani yake, lakini itaipita 'mioyo', ambayo ni wingi wa neno hilohilo. Aidha, hutofautisha herufi kubwa na ndogo, hivyo 'Moyo' iliyoko mwanzoni mwa mshororo haitahesabiwa isipokuwa kiongezwe kidokezo cha /I katika matoleo yanayokikubali. Tena huhesabu mistari: mshororo wenye 'moyo' mara mbili huhesabiwa mara moja. Tarakilishi huharakisha kazi, haimwondolei mtafiti wajibu wa kujua ngeli na uambishaji.

Kama kazi ya kila duru inahitaji amri nyingi, ufinyu wa FOR hujitokeza. Suluhisho lilikuwa kuziweka amri hizo katika faili nyingine na kuiita. Amri ya CALL, iliyoletwa na toleo la 3.3 mwaka 1987, iliwezesha hilo:

FOR %%F IN (*.TXT) DO CALL KAZI.BAT %%F

FOR moja haikuruhusiwa kukaa ndani ya nyingine.

Kitanzi cha sharti

Orodha inapokuwa haijulikani mapema, FOR haitoshi. Hapa ndipo mtumiaji alipolazimika kuziunda nguzo nne kwa mikono yake mwenyewe, kwa kutumia lebo, IF na GOTO. Lebo ni jina linalotanguliwa na nukta mbili. GOTO huliamuru ganda lirukie lebo hiyo. IF huamua kama kuruka kufanyike:

:MWANZO
IF "%1"=="" GOTO MWISHO
FIND /C "moyo" %1
SHIFT
GOTO MWANZO
:MWISHO

Faili hii ikiitwa pamoja na majina ya mashairi kadhaa, jina la kwanza hukaa katika %1, la pili katika %2, na kuendelea hivyo hadi %9. Mstari wa pili huuliza: je, nafasi ya kwanza ni tupu? Ikiwa tupu, kazi imekwisha. Isipokuwa tupu, shairi lililopo huhesabiwa. Kisha SHIFT huyasogeza majina yote hatua moja: la pili huwa la kwanza, la tatu huwa la pili. Hata jina la kumi, ambalo halikuwa na nafasi yake, hupata zamu. Mstari wa tano hurudi mwanzoni. Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. GOTO ndiyo marejeo hayo.

Neno 'maadamu' halimo popote katika mistari hii sita, lakini maana yake imo kamili: maadamu bado kuna jina, endelea. Huu si ujanja wa watumiaji wa MS-DOS peke yao. Mwaka 1966 Corrado Böhm na Giuseppe Jacopini walionyesha kwamba programu yoyote yaweza kujengwa kwa miundo mitatu tu: mfuatano, uteuzi na marudio. Ganda lililo na lebo, IF na GOTO lina malighafi ya yote matatu.

Kuhesabu bila hesabu

Tatizo gumu zaidi lilikuwa kurudia jambo mara kadhaa zilizowekwa, kwa mfano mara tano, katika ganda lisilojua kujumlisha. Mbinu mojawapo ni ile ya mpakuzi wa magunia achoraye kijistari ukutani kwa kila gunia linalopita:

SET N=
:RUDI
SET N=%N%I
ECHO Duru %N%
IF NOT "%N%"=="IIIII" GOTO RUDI

Kigeu N huanza kikiwa kitupu. Kila duru hukiongezea herufi I moja, na maneno 'Duru I', 'Duru II' huchapwa hadi I zitimie tano. Ganda halijajumlisha chochote, limeunganisha herufi tu, lakini hesabu imepatikana. Haba na haba hujaza kibaba. Msomaji atatambua pia kwamba sharti liko mwishoni, tofauti na mfano uliotangulia. Tofauti hii si ya pambo: sharti likiwa mwanzoni, kazi yaweza isifanyike hata mara moja, likiwa mwishoni, kazi hufanyika angalau mara moja.

Mitego

Kitanzi, katika maana yake ya kwanza, ni kamba ya kunasia, na jina hilo linafaa. Mwandishi akisahau SHIFT katika mfano wa pili, %1 haitakuwa tupu kamwe, na shairi la kwanza litahesabiwa bila kikomo. Dawa ni kubonyeza Ctrl na C kwa pamoja, kisha kukubali kwamba kazi ikatizwe.

Mtego wa pili unamhusu Mswahili hasa. COMMAND.COM ilizingatia herufi nane tu za mwanzo wa lebo, na GOTO iliitafuta lebo kuanzia mstari wa kwanza wa faili. Sasa, Kiswahili ni lugha ya viambishi: maneno yake hurefuka na aghalabu hufanana mwanzoni. Aliyeandika KURUDIAMOJA na KURUDIAMBILI alidhani ana lebo mbili. Ganda liliona KURUDIAM na KURUDIAM, likaenda kwa iliyotangulia. Busara ilikuwa kuweka tofauti mbele: MOJARUDI, MBILIRUDI.

Mtego wa tatu ni wa mtindo. Mwaka 1968 Edsger Dijkstra alichapisha barua mashuhuri akiishutumu GOTO kwa kumnyima msomaji uwezo wa kufuata mwendo wa programu. Shutuma hiyo ina uzito: faili yenye lebo ishirini hugeuka msitu. Hata hivyo, katika ganda lisilo na njia nyingine, nidhamu ilikuwa katika kuitumia GOTO kwa kurudi mwanzo wa kitanzi au kutoka mwisho wake, basi.

Ganda lililofuata

Windows NT ya mwaka 1993 ilikuja na ganda jipya, cmd.exe, ambalo lingali katika tarakilishi za Windows hadi leo. FOR yake iliongezewa uwezo hatua kwa hatua. Yaliyohitaji mistari mitano sasa yahitaji mmoja:

FOR /L %%I IN (1,1,5) DO ECHO Duru %%I

Nambari ya kwanza ni mwanzo, ya pili ni hatua, ya tatu ni mwisho. Mabano huruhusu amri nyingi katika duru moja, na SET /A hujumlisha. Hata hivyo, neno la 'maadamu' halikuletwa. Anayehitaji kitanzi cha sharti katika cmd.exe huandika lebo, IF na GOTO, kama alivyofanya mtangulizi wake mwaka 1983.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba ganda lisilo na neno la kitanzi laweza kukisema kitanzi, mradi anayeliandikia azijue nguzo zake nne. Ugumu upo na usifichwe: mistari huwa mingi na makosa huwa rahisi. Neno moja lililo tayari ni nafuu kubwa, na ndiyo sababu kazi ya kuunda istilahi inastahili kuendelezwa. Lakini istilahi haitangulii maelezo. Ganda, kiini, kitanzi, duru, kigeu na sharti yametosha kueleza hapa jambo ambalo wengi hudhani halielezeki kwa Kiswahili. Wanafunzi wa Kiswahili wasisubiri kamusi ikamilike ndipo waandike kuhusu tarakilishi. Waandike, na pale neno lilipokosekana walijenge kwa yaliyopo, kisha waachie matumizi yaamue lipi libaki.