Dar hadi Algiers: Kilomita 6,100 kabla ya kipyenga

ACHANA na kelele za jukwaani. Mechi ya ugenini kwa Waarabu huanza pale timu inapokabidhi mabegi kaunta ya uwanja wa ndege wa Julius Nyerere.

Chukua fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023. Mei 28, Yanga ilifungwa 2-1 na USM Alger kwa Mkapa. Juni 3, yaani siku sita tu baadaye, ilitakiwa iwe Algiers inapiga mpira. Ndani ya siku hizo kulikuwa na kupona uchovu, safari, mazoezi na kulala.

Ukipima kwa mstari ulionyooka, Dar hadi Algiers ni kama kilomita 6,100. Ndege ikienda moja kwa moja, ni kama saa nane angani. Tatizo abiria wa kawaida hapati ndege hiyo. Anaunga.

Ukiunga Istanbul, unasafiri kama kilomita 5,450, halafu nyingine 2,250. Jumla 7,700. Ukipita Doha ndiyo balaa, maana unakwenda mashariki kwanza wakati safari yako ni ya magharibi, na jumla inapita 8,500. Hapo hujaweka kusubiri ndege ya pili. Safari ya saa nane inageuka siku nzima.

Ndiyo maana klabu ikifika hatua hizi, kilio cha kwanza ni ndege ya kukodi. Watu wanadhani ni ufahari. Wala! Mchezaji aliyekaa kitini siku nzima miguu inavimba, hewa ya ndani ya ndege ni kavu inamkausha maji, na usingizi wake ni wa kuibia.

Saa zenyewe hazitishi. Algiers iko nyuma ya Dar kwa saa mbili tu. Lakini mechi ikianza saa 2:00 usiku kule, mwili wa mchezaji wetu unahesabu saa 4:00. Dakika ya 90 inamkuta karibu na saa 6:00 usiku.

Linganisha na Sauzi. Dar hadi Johannesburg ni kama kilomita 2,400, saa tatu na nusu hivi, na tofauti ya saa ni moja. Unaondoka asubuhi, jioni unanyoosha misuli. Cairo nako ni kama 4,200, na ndege ya moja kwa moja ipo.

Simba nao wanaijua shughuli. Mei 2025 waliifuata RS Berkane kwenye fainali ya kombe hilohilo. Kule ukishuka Oujda au Nador bado kuna basi linakusubiri. Wakalala 2-0, na sare ya 1-1 pale Amaan, Zanzibar, haikutosha.

Lakini umbali haufungi mabao. Yanga ilishinda 1-0 Algiers kwa penalti ya mapema ya Djuma Shaban. Jumla ikawa 2-2, kombe likabaki kule kwa sababu ya mabao mawili ya ugenini waliyoruhusu wakiwa nyumbani, wamelala vitanda vyao.

Kwa hiyo viongozi, kateni tiketi mapema na mtafute njia fupi. Ila mkumbuke, kombe lile halikupotelea angani. Lilipotelea kwa Mkapa.