Bogenvilia na Hibiskasi: Usizimwagilie kwa Ratiba Moja

Leo naweka pembeni nyanya na hoho, tuzungumze maua ya vyungu. Wengi wenu mmeingia kwenye vitalu vya kando ya barabara, na maua mawili yanayoulizwa sana na wateja ni bogenvilia na hibiskasi. Yote yanapenda joto, yote yanapenda jua, yote yanaoteshwa kwa vipandikizi. Ndiyo maana watu huyalea kama mapacha, na hapo ndipo hasara inapoanzia.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Kijana mmoja mwenye kitalu Kigamboni alipata oda ya bogenvilia 150 na hibiskasi 150 kutoka nyumba ya wageni iliyokuwa inafunguliwa. Akanipigia simu: "Kaka, hii miche niimwagilieje mpaka siku ya kupeleka?" Nilikuwa kwenye pikipiki, nikajibu haraka haraka: "Asubuhi na jioni, udongo usikauke." Baada ya wiki sita nikapita kumwona. Hibiskasi zilikuwa zimejaa maua. Bogenvilia nyingi zilikuwa na majani ya njano yanayodondoka, na zile zilizopona zilikuwa majani matupu, hakuna rangi. Mteja alichukua hibiskasi, bogenvilia akazikataa. Ushauri wangu ulikuwa sahihi kwa mmea mmoja na mbaya kwa wa pili.

Tuangalie kwa nini.

Kila mmoja na asili yake

Bogenvilia asili yake ni Amerika ya Kusini, na jina lake linatokana na baharia Mfaransa, Louis-Antoine de Bougainville. Ile rangi ya zambarau, nyekundu au chungwa unayoiona si ua. Ni majani maalumu yanayozunguka ua lenyewe, ambalo ni dogo, jembamba na mara nyingi jeupe, liko katikati. Majani hayo ni makavu kama karatasi, ndiyo maana rangi inakaa wiki nyingi.

Hibiskasi ya bustani (usiichanganye na rosela, ile ya kutengenezea juisi nyekundu) asili yake ni Asia ya kitropiki, na ndiyo ua la taifa la Malaysia. Ua lake ni kubwa na laini, lakini aina nyingi huchanua siku moja tu, kesho limesinyaa. Kwa hiyo mmea unatakiwa utoe vichomozo vipya kila wakati, na kazi hiyo inahitaji maji na chakula mfululizo.

Maji: hapa ndipo penye fedha yako

Hibiskasi haitaki kukauka kabisa, na haitaki kutuama. Kwenye chungu, wakati wa joto kali la Januari na Februari, imwagilie kila siku. Ikikosa maji siku mbili tatu, vichomozo vinadondoka kabla ya kuchanua.

Bogenvilia ni kinyume. Ingiza kidole kwenye udongo hadi pingili ya pili. Ukikuta unyevu, ondoka. Ukikuta pakavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini ya chungu, kisha iache mpaka ikauke tena. Mizizi yake ni myembamba na inahitaji hewa. Udongo ukilowa muda wote, hewa inakosekana, mizizi inaoza. Na hapa kuna mtego: mmea wenye mizizi iliyooza hunyauka kama wenye kiu. Mkulima akiuona hivyo anaongeza maji, na anaumaliza. Ukiona bogenvilia imenyauka huku udongo umelowa, acha kabisa kumwagilia.

Tena ukavu kidogo ndio unaoiamsha itoe rangi. Angalia za mtaani kwako: zinawaka kiangazi, na masika zinakuwa kijani tu.

Udongo na chungu

Yote mawili yanapenda udongo usiotuamisha maji na wenye uchachu kidogo. Kwa hibiskasi mimi huchanganya udongo wa juu ndoo 2, samadi iliyooza vizuri ndoo 1 na mchanga ndoo 1. Kwa bogenvilia naongeza mchanga uwe ndoo 2. Hakikisha kila chungu kina matundu.

Wenzangu wa pwani, angalieni udongo wa matumbawe. Una chokaa nyingi, na mmea unashindwa kuchukua madini ya chuma. Dalili yake ni majani machanga kuwa ya njano huku mishipa ikibaki kijani. Hibiskasi huonyesha haraka. Usikimbilie Urea, badilisha udongo au tumia mbolea ya majani yenye madini ya chuma.

Bogenvilia huchanua vizuri mizizi ikibanwa kidogo, kwa hiyo usiwe na haraka ya kuihamishia chungu kikubwa. Ukiihamisha, chana kiriba na uweke bonge zima bila kulitikisa, maana mizizi yake inakatika kirahisi. Hibiskasi ikianza kubanwa, ihamishe.

Jua

Bogenvilia inataka jua la moja kwa moja saa 6 au zaidi. Chini ya neti au mwembe itakupa majani tu. Hibiskasi nayo inapenda jua, ila inavumilia kivuli chepesi cha mchana, na kwenye joto kali kivuli hicho kinaokoa vichomozo. Kwa hiyo mwembe wako waachie hibiskasi.

Mbolea

Urea nyingi kwa bogenvilia ni kununua majani. Tumia NPK kidogo, nusu kijiko cha chai kwa chungu cha lita 10, mara moja kwa mwezi, kwenye udongo uliolowa na mbali na shina. Hibiskasi inakula zaidi, hasa potasiamu, lakini haipendi fosforasi ikizidi. Acheni tabia ya kuipa DAP kila mara kwa sababu ndiyo iliyobaki stoo.

Kuotesha na kupogoa

Hibiskasi: kata kipandikizi cha sentimita 10 hadi 15, acha majani mawili juu, weka kivulini penye unyevu. Mizizi hutoka ndani ya wiki 4 hadi 6 hivi. Bogenvilia: chagua tawi lililokomaa, unene wa penseli, sentimita 15 hadi 20. Huchukua miezi miwili au zaidi, na mingi hufa, kwa hiyo ukihitaji 100, choma 150. Usiivute kuangalia kama imeota.

Zote huchanua kwenye matawi mapya, hivyo usiogope kupogoa. Bogenvilia ipogoe mara rangi inapoisha, ukivaa glavu kwa sababu ya miiba.

Wadudu

Hapa hibiskasi ndiyo yenye kazi. Vidukari, nzi weupe na vidung'ata huipenda mno. Kagua chini ya majani mara mbili kwa wiki. Ukiwaona mapema, sabuni ya maji kijiko kimoja cha chai kwa lita moja, puliza jioni ukilenga chini ya jani. Bogenvilia ina wadudu wachache; adui yake mkubwa ni ndoo yako ya maji.

Sasa, upande upi una faida?

Hibiskasi inafika sokoni haraka, lakini inakula maji na muda wako kila siku. Kama unanunua maji ya boza, piga hesabu kwanza. Bogenvilia inachelewa, ila ikishashika inakugharimu kidogo, na inaweza kukaa kitaluni ikisubiri bei. Kama una nafasi, fuga zote mbili: hibiskasi ikuletee hela ya kila wiki, bogenvilia iwe ya kiangazi na ya oda kubwa. Ila zitenganishe. Safu moja huku, safu nyingine kule, na kila moja iwe na siku zake za maji.

Yule kijana wa Kigamboni nilimwomba radhi, na tuliokoa bogenvilia 60 hivi kwa kukata mizizi iliyooza na kubadilisha udongo. Sasa ametenganisha kitalu kwa kamba. Upande wa bogenvilia ameandika kwenye kibao: "Kidole kwanza, maji baadaye." Na mimi siku hizi nikipigiwa simu nikiwa barabarani, nasimamisha pikipiki kwanza, nauliza: mmea gani?

Kazi njema.