Duara Ndani ya Ziwa

Jana jioni, wanangu, mmoja wenu alinijia mbio na simu ya kaka yake mkononi. Simtaji jina. Anajijua, na sasa hivi anacheka pale nyuma. Alikuwa akitazama picha za setilaiti za Ziwa Albert, upande wetu wa Kongo, si mbali na pale Mto Semliki unapoingia ziwani. Akaniambia, "Mwalimu, angalia, kuna duara ndani ya maji. Hapa palianguka kimondo."

Nikaangalia. Duara lilikuwepo kweli, jeusi kidogo kuliko maji ya pembeni, mviringo safi kama alama inayobaki kwenye majivu ukiondoa sufuria.

Sikumwambia ndiyo, wala sikumwambia hapana. Nilimwambia akawaite wenzake. Basi sogeeni. Anayetaka kuchoma hindi achome, ila makelele sitaki.

Tuanze na jambo lisilo na ubishi: mawe huanguka kutoka angani, na yameshaanguka kwa majirani. Tarehe 14 Agosti 1992, kule Mbale, mashariki ya Uganda, watu walisikia ngurumo na anga halina dalili ya mvua. Mawe yakaanza kushuka. Kipande kimoja cha gramu 3.6, uzito wa kama punje kumi hivi za mahindi, kilipita katika migomba, kikagonga jani, mwendo ukapungua, kisha kikamdondokea kijana mmoja kichwani. Hakuumia. Nadhani ndiye mtu mwenye bahati kuliko wote waliowahi kupigwa na jiwe.

Lakini Mbale hakukuzaliwa ziwa. Hata Kimondo cha Mbozi kule Tanzania, bonge la chuma lenye urefu wa mita tatu hivi na uzito unaozidi tani 10, limelala tu mlimani na hakuna shimo kubwa linaloonekana pembeni yake. Hewa ni kama mkono wa mama: inakipokea kimondo kidogo, inakipunguza mwendo, inakiweka chini. Kikiwa kikubwa mno, upana wa mita mia na kuendelea, mkono huo haukiwezi. Kinafika ardhini na mwendo wake wa angani, kilomita 15 au 20 kwa sekunde moja. Kutoka hapa Aveba hadi Bunia, safari inayomchosha dereva wa moto kutwa nzima njia ikiwa na matope, kingeimaliza kabla hujahesabu mpaka tano.

Leteni lile beseni. Nimeweka unga wa muhogo chini, mweupe, na juu yake nimenyunyiza majivu. Sasa wewe, mgunduzi wetu, dondosha kokoto hii. Umeona? Pametokea shimo la mviringo, ukingo umeinuka, na unga mweupe uliokuwa chini umerukia juu ya majivu. Kumbukeni hilo: kilichokuwa chini kimetupwa juu. Sasa irushe kwa ubavu. Shimo limekuwa refu kama yai, sivyo? Hapo ndipo beseni letu linapodanganya. Kimondo halisi, hata kikija kwa ubavu, karibu kila mara huacha duara, kwa sababu hakichimbi kama jembe. Kinalipuka. Na mlipuko husukuma pande zote sawasawa.

Jambo la pili mmeliona wenyewe mkiteka maji. Tone likianguka ndani ya ndoo, maji yanabonyea, halafu katikati kinainuka kijiguzo. Shimo la kimondo likiwa kubwa sana, mwamba nao hufanya hivyo hivyo: unabonyea, unarudi juu, unagandia hapo. Ndiyo maana mashimo makubwa huwa na kilima au pete katikati.

"Kwa hiyo duara langu ni kimondo!" Subiri, mwanangu.

Kule Marekani, jimbo la Arizona, kuna shimo la mviringo lenye upana wa kilomita 1.2 na kina cha mita 170 hivi. Mwaka 1891 alifika pale Grove Karl Gilbert, mmoja wa wanajiolojia wakubwa wa serikali. Alipima, akatafuta bonge la chuma chini ya shimo, hakuliona, akatoa uamuzi wake: mvuke wa volkano. Akaja Daniel Barringer, mtu wa migodi na sheria. Akasema kimondo, na mwaka 1903 akaanza kuchimba, akitaka kuuza chuma alichoamini kimezikwa pale. Alichimba zaidi ya miaka 25, akamaliza mali yake. Chuma hakikuwepo, kwa sababu sehemu kubwa ya kimondo ilikuwa imegeuka mvuke na vipande vidogo palepale kilipogonga. Alifariki mwaka 1929.

Msimcheke. Kuhusu shimo alikuwa sahihi, na bingwa wa serikali ndiye aliyekosea. Kuhusu chuma alikosea yeye. Hukumu ilikuja mwaka 1960, Eugene Shoemaker na wenzake walipokuta kwenye mawe ya pale madini yanayoitwa koesiti, ambayo hutokea mchanga wa kwatzi ukibanwa kwa nguvu kubwa mno. Mwaka huohuo Shoemaker alikwenda Ujerumani, mji wa Nördlingen, uliojengwa ndani ya duara la kilomita 24 ambalo wengi walidai ni volkano. Alama zilezile akazikuta kwenye mawe ya aina iliyojenga kanisa la mji. Watu walikuwa wamesali miaka mia kadhaa ndani ya ushahidi.

Kwa hiyo shahidi ni jiwe. Duara ni tetesi tu. Jiwe lililopigwa na kimondo hubaki na alama za namna mbili ambazo volkano haiwezi kuziiga. Ya kwanza unaiona kwa macho: mistari inayoanzia kwenye ncha moja na kutawanyika kuelekea chini, kama ufagio wa chelewa ulioshikwa mpini juu. Ya pili inahitaji hadubini: punje ya kwatzi imechorwa mistari iliyonyooka na kubanana, kama daftari lenu la mwandiko.

Na msidhani hadithi hii ni ya Wazungu peke yao. Hapa hapa Kongo, kule Katanga, kwenye uwanda wa juu wa Kundelungu, kuna duara la kilomita 17 linaloitwa Luizi. Mwanajiolojia wa Kijerumani aliandika juu ya umbo lake mwaka 1919. Baadaye watu wakaliona katika picha za setilaiti, wakasema huenda ni kimondo. Huenda! Neno hilo lilikaa miaka na miaka. Mwaka 2010 Ludovic Ferrière wa jumba la makumbusho la Vienna alifunga safari, na walioandika naye matokeo ni pamoja na François Lubala, mwanajiolojia wa Kikongo. Wakatembea, wakaokota mawe. Ufagio wa chelewa ulikuwepo, na mistari ya daftari ilikuwepo. Mwaka 2011 wakachapisha, na Luizi likawa shimo la kwanza la kimondo kuthibitishwa katika Afrika ya Kati.

Sasa linganisheni na Wembo-Nyama, katika Sankuru. Pale Mto Unia umejikunja kuzunguka duara lenye upana wa karibu kilomita 40. Ukiliona kwenye picha unaapa ni kimondo. Wanasayansi wa Italia walipendekeza hivyo mwaka 2010. Mpaka leo halimo katika orodha ya yaliyothibitishwa, kwa sababu jiwe la ushahidi halijapatikana. Hata kule Quebec, Canada, mtu aliyekuwa akipanga safari ya kupiga kambi aliona kwenye ramani ya simu mzunguko wa ajabu karibu na ziwa, akawaandikia wanasayansi. Mwaka 2024 habari yake ikasambaa duniani. Hakuwa na cheo chochote katika jiolojia, na walimsikiliza. Nalipenda hilo. Ila naye bado anaambiwa: tunangoja mawe.

Chini ya maji mambo yanakuwa magumu zaidi, kwa sababu huwezi kutembea ukaokota. Mwaka 2009 watu waliona kwenye ramani ya bahari ya Google mistari iliyokatana kama barabara za mji, karibu na visiwa vya Canary. Wakapiga kelele kwamba ule mji wa kale wa Atlantis umepatikana. Google ikaeleza: mistari ile ni njia za meli zilizokuwa zikipima kina kwa mawimbi ya sauti. Meli ilipopita, kina kimepimwa vizuri. Isipopita, ramani inakisia. Mji haukuwepo, zilikuwa nyayo za wapimaji.

Lakini chini ya bahari kuna mashimo ya kweli. Uisdean Nicholson, mwanajiolojia wa Scotland, alikuwa akisoma michoro ya mawimbi ya sauti iliyopigwa chini ya Bahari ya Atlantiki, mbali na pwani ya Guinea. Hakuwa akitafuta kimondo. Katikati ya tabaka zilizolala kama mikeka iliyopangwa, akaona bakuli limekata mikeka yote, na katikati ya bakuli, kile kijiguzo cha tone la maji. Shimo hilo wakaliita Nadir. Upana wake unakaribia kilomita 9. Juu yake kuna mita 900 za maji, na chini ya maji hayo mita 300 hivi za udongo. Walilitangaza mwaka 2022 wakisema huenda, mnaona, bado wanasema huenda, na mwaka 2024 michoro bora zaidi ikawatoa wasiwasi. Hata hivyo bado wanataka kutoboa, walete jiwe.

Turudi kwenye ziwa letu. Ziwa Albert lina kina cha mita hamsini na kitu tu pale linapozama zaidi, lakini chini ya maji kuna udongo wa unene wa kilomita kadhaa. Bonde hili la ufa limekuwa likititia kwa mamilioni ya miaka, na Semliki haichoki kuleta matope. Shimo la zamani lingeshazikwa. Setilaiti ya kawaida haioni sakafu ya maji haya ya tope. Inachoona ni uso: tope la mto linavyotawanyika, majani ya maji, au kivuli cha wingu.

Na hata duara likiwa la kweli, majirani zetu wa ng'ambo ya Semliki wana maziwa ya mviringo kibao, kuanzia karibu na Fort Portal mpaka Katwe, pale wanapovuna chumvi. Hayo ni makasoko ya volkano. Mawe moto yaliyoyeyuka yalipanda, yakakutana na maji ya ardhini, pakalipuka. Kimondo hakikuhusika kabisa.

Basi jana usiku, mimi na mgunduzi wetu, tulisubiri mtandao utulie. Programu ya setilaiti iliyo kwenye simu ile ina picha za miaka iliyopita. Tukafungua ya kwanza: hakuna duara. Ya pili: hakuna. Katika ya tatu kulikuwa na doa jingine, mahali pengine, na pembeni yake wingu jeupe lenye umbo lilelile. Alinyamaza muda mrefu. Nikamwona anafunika simu kama mtu anayefunika chungu kilichoungua.

Halafu akafungua daftari. Akaandika tarehe, akaandika namba za mahali zinazotokea chini ya picha, akaandika "wingu". Chini yake akaandika swali jipya: wavuvi wa Kasenyi na Tchomia hupima kina kwa kamba yenye jiwe, je, wameona mahali kamba inapozama ghafla? Swali hilo sikumpa mimi.

Kwa hiyo anayeelekea ziwani juma hili na aniambie. Mgunduzi wetu anatafuta mtu wa kuwauliza wavuvi kwa niaba yake, na kalamu yake imekaribia kuisha wino.